Mega ya Bure na Mvua ya Nzilo

Mi njo nilikosa. Si rezo ya telefone, si meri, si ule kijana ya komine mwenye balivunja mukono. Mi! Na kila mutu mu kartye yetu, huku mutaani, anasema mi njo mama muzuri, mama ya roho. Asubui banaponiamkia, ninageuza uso.

Jina yangu sitaandika. Ku mwisho utajua juu ya nini, na haiko paka juu ya haya tu.

Ninaogopa, ndugu. Ninaogopa wakati telefone inalia. Ninaogopa wakati mbingu inakuwa nyeusi upande ya Nzilo. Ninaogopa ata katoto kachanga kenye hakajue kushika kidole. Acha nikusimulie yote, na we usinikate maneno, juu nikisimama sitaweza kuanza tena.

Mi ninauzisha chakula mbele ya biro ya komine, ofisi ya serikali ya mutaa, hapa Kolwezi. Bukari ya unga, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Meza yangu iko pa nafasi ya juu. Ukisimama pale unaona mbali, mupaka kule mvua yetu inatokeaka, upande ya barrage, bwawa ya maji ya Nzilo. Na mudogo yangu ya tumbo moja, tumuite Kasongo, ni krezere. Anachimbaka shaba na kobalti mu shimo, ye na benzake.

Shimo yabo iko chini, nyuma ya milima ya bulongo yenye bantu ya kampuni balimwagaka zamani. Pale chini hauone mbingu ya Nzilo, ata ukivuta shingo. Na mvua ikinyesha kule juu, maji yote ya kartye inashuka mu rigole, ile mufereji, inafika ku shimo mbele ya mvua yenyewe. Unaweza kuwa pale jua inawaka, nguo yako kavu, na maji inakuya tu. Njo vile batu banakufwaka mu mashimo.

Mwenye shimo ni Tata Kapend. Huku mwenye shimo tunamuitaka PDG, sawa mukubwa ya kampuni, ata kama anavaa kandambili yenye kukatika. Ye njo alinipaka kazi ya kuangalia mbingu. Nikiona Nzilo imekuwa nyeusi, ninamuita ku telefone. Ye anakaa pa mudomo ya shimo, chini ya bashi, turubai ya kivuli, na kamba mu mukono. Ile kamba inashuka metre makumi tatu, na kule mwisho kuko mukebe ya maziwa yenye kujaa mawe madogo. Tata Kapend akivuta, mukebe inalia. Mukebe ikilia, kila mutu anaacha mufuko yake, anapanda. Hapana kuuliza, hapana kumaliza. Unapanda!

Kila juma alikuwa ananitumia inite, feza ya kuita ku telefone. Na mi nilikuwa ninaringa, sitafiche! Juu huku kwetu mwanamuke hakaribie shimo. Banasema akifika pa mudomo mawe inakimbia, inaingia chini zaidi. Banafunga kamba ya mifuko ya kupasuka kuzunguka shimo, na mwanamuke hapite pale, ata akuwe mama ya PDG mwenyewe. Sasa mi, mwanamuke, ile shimo sikuionaka na macho yangu ata siku moja, lakini sauti yangu njo ilikuwa inatosha banaume mule ndani, inabapandisha inje. Miaka mbili muzima. Hakuna ata mara moja maji ilibakuta chini.

Kisha wifi ya internet ikakuya.

Meri, serikali ya muji, njo ilileta. Wifi ya bure, ya batu bote! Antene moja juu ya biro ya komine, ingine ku poto, nguzo ya rond-point, pale barabara inazunguka, karibu na shimo. Bakubwa bakasema maneno murefu, fanfare ikapiga, siye bamama tukapiga bigelegele. Unaandika namba yako ya telefone, banakutumia kode, unaingia. Kila namba inapata mega yake ya siku, kipimo ya internet. Ikikwisha, ukurasa inakuambia asante, rudia kesho. Basi.

Na nani alikimbia wa kwanza kumuambia Tata Kapend? Mi tena!

"Tata, acha kunitumia inite. Nitakuwa ninakutumia mesaji ya sauti ku wifi ya komine. We pia uko na antene pale karibu. Bure kabisa."

Akakuna kichwa. "Mama, ile mega yabo itakutosha siku muzima?"

"Tata! Sauti yangu inakula mega ngapi? Ata moja haimalize. Ile ingine nitaweka wapi, mu sombe?"

Tukaseka, ye na mi. Ile kicheko ningali ninaisikia mupaka leo.

Juma ya kwanza mambo ilienda muzuri. Nilikuwa ninachunga mega yangu sawa mayai. Mbingu ikiharibika ninatuma: "Tata, Nzilo nyeusi, tosha batu." Ye anajibu na kidole ya kupandisha. Batu banapanda.

Lakini kitu ya bure inakuzoeza, ndugu! Nilianza kidogo tu, kuangalia modele ya kushonesha kikwembe, nguo ya kitenge. Kisha video ya kusekesha. Nikawa ninajiambia: leo mbingu iko safi, nikule mega, kesho nitachunga. Na kesho, ni ile ile.

Mbele ya komine kulikuwa mama moja mwenye parasole, mwavuli nyekundu, alikuwa anauzisha inite. Biashara ikamufia. Siku moja akakunja parasole, akaweka ku kichwa, akapita pa meza yangu.

"Unaenda wapi, mama?" nikamuuliza.

"Ninaenda kuuzisha makala. Nani atanunua inite hapa? Nyi bote muko mu hewa ya bure."

Batu balisekaka pale, mi pia. Ile telefone yangu ikakaa juma tatu bila inite. Ata ya kupiga bip hakuna. Na mi sikuwa na wasiwasi ata kidogo.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa muchana, jua kali. Mama Bea alipita pa meza. Mama Bea ni rafiki yangu, bibi ya Mwepu, na Mwepu njo mwenzake ya Kasongo mu shimo. Bale babili banatumika pamoja kila siku, moja anapiga, mwingine anajaza mufuko. Mama Bea alikuwa na mimba kubwa, anatembea na mukono ku kiuno.

"Leo ninapikia Mwepu sombe na mafuta ya ngazi," akaniambia. "Ukituma sauti kule, ubaambie babanduke mapema."

"Nitabaambia," nikasema. Akaenda polepole, anajishika.

Ile wakati batu ya kula balikuwa bangali kidogo. Nikaegemeza telefone ku sufuria, nikafungua video. Banamuke babili banapigana ku ndoa, moja anamutosha mwenzake nywele ya kununua! Niliseka mupaka machozi. Bale benye kukula pale banasogea, banaangalia pamoja na mi. "Mama, weka ya kufwata!" Nikaweka ya kufwata. Nikaweka ya tatu. Kisha ukurasa ikaandika: mega yako ya leo imekwisha, asante, rudia kesho.

Nikainua macho ku mbingu. Nyeupe. Nikaweka telefone mu mufuko ya tablie ya kupikia, nikaendelea kupakua bukari.

Sijue ilipita wakati gani. Mi paka nilisikia upepo ya baridi ku shingo. Nikageuka. Yesu! Nzilo ilikuwa nyeusi chini mupaka juu, na ile nyeusi ilikuwa inakuya upande yetu mbio.

Nikatosha telefone, nikasema sauti, nikatuma. Pembeni yake kakaonekana kasaa kadogo, ile alama ya kusema mesaji ingali hapa kwako. Nikatuma tena. Kasaa. Tena. Kasaa! Nikaandika namba ya bwana yangu ku ukurasa ya komine, juu nipate mega yake, lakini kode inaenda ku telefone yake, na ye alikuwa mu safari ya Likasi.

Nikamurukia mama ya karibu, mwenye kuuzisha mikate. "Mama, uko na inite? Nipe niite mutu!"

"Inite?" akashangaa. "Nani angali ananunua inite, mama? Na mega yangu ilikwisha tangu asubui."

Nikakimbia ku biro ya Patriki. Patriki ni kijana mwenye kutumikia ile antene, mupole sana, kila siku anakula pa meza yangu. Mulango imefungwa. Nikamushika karani moja ku shati, ule alikuwa anaongea na mutu mu video, akanisukuma na kiwiko: "Mama, ngoja nimalize!" Kungoja nini? Nikasimamisha moto, pikipiki ya kubeba batu, nikapanda, nikaacha chakula yangu pale, sufuria wazi.

Ile pikipiki ilinifikisha ku rond-point. Kuanzia pale ni miguu, mu mawe. Nilikimbia mi, mama ya batoto inne! Nilianguka, nikasimama, kiatu moja ikabaki kule. Nilikuwa ninaomba paka kitu moja: nimukute Kasongo juu, anakunywa maji, anaseka. Ye njo mudogo yangu moja tu mwenye alibaki.

Nikafika ku ile kamba ya mifuko. Vijana babili bakafungua mikono mbele yangu.

"Mama, simama pale! Mwanamuke hapite!"

"Mvua inakuya! Muite Tata Kapend!"

Tata Kapend akatoka chini ya bashi, telefone mu mukono. Aliponiona uso ikabadilika. "Mama, we unatafuta nini hapa?"

"Nzilo ni nyeusi, Tata! Vuta kamba! Kasongo iko wapi?"

"Iko chini, na Mwepu." Akainua macho. Juu yetu mbingu ilikuwa ya bluu, jua inapiga. Akaangalia telefone. "Sasa mesaji yako iko wapi?"

Ndugu, pale. Pale njo ninarudiaka kila siku.

Ningemuambia: Tata, niliangalia video, mega ikakwisha. Basi! Angenitukana, angesema banamuke habana akili, na angevuta kamba ile saa ile. Lakini banaume kumi balikuwa bananiangalia. Mi na kiatu moja, jasho, nywele wazi, pa nafasi mwanamuke hafikake. Haya ikanishika. Nikasema bongo, nikadanganya.

"Nimetuma, Tata! Rezo ya komine njo inakatala!"

"Inakatala namna gani?" Akanionyesha telefone yake. Ile dakika mesaji ya bibi yake ilikuwa imeingia, anamuulizia chumvi. "Unaona? Inatembea muzuri. Mvua ingekuwa kweli, mesaji yako ingekuwa hapa. Nani alikuogopesha?"

Kijana moja akaseka. "Anataka kuona shimo, ule!"

"Tata, ninakuomba!" Nikaanguka magoti mu mawe. "Vuta kamba!"

Ye hakuwa mutu mubaya. Alikuwa anafikiri. Nilimuona anaangalia mbingu, anaangalia telefone, anaangalia mbingu. "Bamebakiza mufuko moja," akasema. "Bamalize ile. Kama mesaji inafika, nitavuta."

Na mi nikabaki na bongo yangu mu kinywa. Hata pale ningesema kweli! Sikusema. Nililia tu, nikapiga bulongo na mikono.

Mbele ya kuona maji, nilisikia. Ilikuwa inashuka mu rigole na makelele, na jua ingali inawaka juu yetu. Tata Kapend akatupa telefone, akavuta kamba na mikono yote mbili. Mukebe ikalia kule chini. Miaka mbili nilibatosha batu na ule mukebe na sikuusikiaka. Niliusikia siku ile, mbali, kidogo.

Maji ikafika pa mudomo, ikaingia. Banaume bakatupa mifuko ya muchanga, bakachimba na mikono kuigeuza, haikugeuka. Mi nikiwa nyuma ya kamba, ata ile wakati kijana moja alikuwa amesimama mbele yangu, mikono wazi. Nikaita jina ya Kasongo mupaka sauti ikakwisha.

Kikatoka kichwa, bulongo tupu. Bakamushika makwapa, bakamuvuta. Kasongo! Mudogo yangu! Anatapika maji, anaonyesha shimo na kidole.

"Mwepu iko nyuma yangu," akasema. "Iko nyuma yangu, alikuwa anashika muguu yangu."

Kisha ukuta ya shimo ikaanguka ndani.

Balileta motopompe, bakatosha maji mupaka kesho yake muchana. Sitasema vile Mwepu alikuwa wakati balimutosha. Kasongo alikuwa amekaa karibu na mi, amejifunika kikwembe yangu, anatetemeka. Akaweka kichwa ku bega yangu, akasema: "Yaya, dada yangu, ulikimbia. Banasema ulikimbia na miguu wazi. Asante, yaya."

Leza, Mungu yangu! Ningependa anipige.

Kwetu, siku ya mwisho ya kilio, mbele batu habayaachana, familia inaita bale balionaka kifo. Kila moja anasimama, anasema vile ilikuwa, na mutu akiwa na swali anauliza, juu maneno isibaki mu roho ya batu. Tata Kapend njo alianza. Alikuwa amekonda mu siku kidogo.

"Makosa ni yangu," akasema. "Mama alikuya, akapiga magoti, mi sikumuamini. Niliangalia telefone. Kama mesaji ingefika ningevuta kamba."

Macho yote ikanigeukia. Muyomba ya Mwepu, kaka ya mama yake, mutu muzima ya sauti ya chini, akaniuliza: "Mama, ile mesaji ulituma?"

Mama Bea alikuwa amekaa chini ku mukeka, mimba mbele yake. Alikuwa ananiangalia na macho ya kuniomba.

Nikatosha telefone. Tangu ile siku sikuingia tena ku wifi, kasaa ilikuwa ingali pale. "Nilituma, tata. Mara nyingi. Muone kasaa. Rezo ya komine njo ilikatala."

Telefone ikapita mukono kwa mukono. Bamama bakaanza kulia upya. Na kule nyuma bakrezere, vijana bale, bakasimama. Moja akasema: "Meri njo iliua Mwepu!" Bakatoka bote, na mi nikabafwata, juu miguu ilikuwa inanivuta yenyewe.

Balifika ku komine, bakapanda juu ya biro, bakaangusha antene na chuma. Patriki akatoka inje, anainua mikono. "Bandugu, antene ilikuwa inatembea! Ile siku haikukatika! Muniache nibaonyeshe, iko yote mu mashini!"

Habakumuacha. Balimupiga. Nilisikia mukono yake ikivunjika, ndugu. Mi nilikuwa katikati ya batu, nimeweka kikwembe mu kinywa. Ningesema neno moja tu, bangeacha. Lakini bangenigeukia mi! Nikarudia ku nyumba, nikafunga mulango muchana, nikakaa nyuma yake.

Mwezi ikapita. Siku moja Patriki akakuya pa meza yangu, mukono mu platre, ile plasta ngumu ya hospitali. Nilimuona kutoka mbali, kijiko ikaniponyoka.

"Sikuye kugombana, mama," akasema polepole. Akakaa pa nafasi yake ya kila siku. Akatosha papye, karatasi ya kukunjwa, mu mufuko ya shati, akaifungua mbele yangu na mukono moja.

Namba yangu iko pale juu. Saa niliingia. Video. Video. Video. Saa mega ilikwisha. Na chini, mustari kwa mustari, kila mara nilijaribu kutuma, na neno moja mbele: imekataliwa, imekataliwa, imekataliwa.

Mi sikujuaka kama mashini inaandika bile bitu! Nani alituambia? Siku ya fanfare, nani alisema kuko kitu mule ndani inaandika kila mutu anaangalia nini na saa gani? Tuliandika namba zetu pale bila kuuliza.

"Ulikuwa na hii papye tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza. Mbele ya kilio ya Mwepu kukwisha, juu nilisikia banasema rezo ilikatala."

"Na juu ya nini haukuonyesha?"

Akaangalia mukono yake. "Ile siku nilitaka kuonyesha. Kisha balinipiga, na nikiwa chini nikakuona katikati ya batu. Nikawaza: mi banavunja mukono. Ye bataua. Nilikula bukari yako mwaka muzima, mama."

Nikamupakulia chakula, nikamuwekea samaki kubwa.

"Meri imenitosha ku kazi," akasema. "Banasema sikuchunga antene. Ninarudia kwetu Lubudi, nitalima na baba." Akasukuma papye, akaiweka chini ya sahani ya chumvi. "Hii ni yako. Lakini ujue, mama, mu mashini ya meri kuko ingine. Siwezi kuifuta."

Akaenda. Hakukula. Ile samaki ikakaa pale mupaka mangaribi.

Tangu ile siku silale muzuri. Meri imeweka antene mupya, na batu banakaa tena chini yake sawa vile hakuna kitu ilipita. Kila karani akinipita na papye mu mukono, ninajiambia: njo ile! Nimehamisha meza, nimetoka pa nafasi ya juu. Pale niko sasa mbingu ya Nzilo haionekane.

Kisha Mama Bea akazaa. Akaniita ku maternite. Mi nilikuwa ninamukimbia, ninatuma unga, ninatuma mafuta, mi mwenyewe sifike. Lakini ile siku nilienda. Alikuwa amekaa ku kitanda, uso ya kuchoka, anaseka kidogo.

"Ni mwanamuke," akasema. "Nimemupa jina yako."

Ndugu, nilishika ukuta.

Unajua kwetu jina haipewe mutoto hivi hivi. Unamupa jina ya mutu, unapenda afanane na ule mutu. "Banaume bote balikuwa pale," Mama Bea akasema. "Na we, mwanamuke, njo ulikimbia. Ninataka mutoto yangu akuwe na roho sawa yako." Akanyoosha mikono, ananipa katoto.

Sikukashika. Nilisema mikono yangu iko na maji. Nikapangusa ku kikwembe, nikapangusa, nikapangusa, mupaka akakarudisha ku kifua yake.

Sasa niambie: mutu anaishi namna gani na hii?

Bandugu benye kusoma, musikie mi. Wifi ya meri mutumie, sikataze mutu. Muangalie ndoa, muangalie modele, museke. Lakini kitu yenye inachunga roho ya mutu, musiiweke paka ku hewa ya bure peke yake, yenye mashini inaweza kukufungia katikati ya siku na kukuambia asante. Mubakishe inite ya kuita, ata kidogo. Mama ya parasole asiondoke mu kartye yenu. Na mujue mule munaandika namba zenu, kuko mutu anaweza kusoma. Na ule mwenye kusimama mbele ya batu na haya, aseme kweli ile saa ile, ata kama yuko na kiatu moja! Batakuseka leo, kesho batasahau. Mi balinisifu, na angalia vile niko.

Siku ya posho, Jumamosi, Mama Bea anatosha katoto inje, bamama batakuya, bataita jina yake mbele ya batu bote. Nimeweka ile papye mu kikwembe, nimeifunga fundo. Nitafika mapema, mbele ya batu. Nitamupa asome, kisha nitaenda kwa Tata Kapend, kisha nitaenda Lubudi kwa Patriki. Ninaogopa mupaka meno inagonga, lakini nitaenda.

Njo maana sikuandika jina yangu hapa. Haiko tena yangu peke yangu. Mama Bea akitaka kuitosha ku mutoto yake, mumuache aitoshe. Lakini leo kuko katoto kanalala na ile jina, na ko hakajakosea mutu.